Mafia: Yanayosemwa na Majibu Yake

Kisiwa cha Mafia husemwa vibaya na watu wa aina mbili: asiyefika kabisa, na aliyefika ufukweni saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu. Wa kwanza hurudia ya kusikia. Wa pili ameona kwa macho yake, ila aliyoyaona ni mahali ambapo bahari imeondoka kwa muda, na hakuna aliyemwambia kwamba itarudi alasiri. Wakikutana wawili hao Dar es Salaam, mmoja akamthibitishia mwenziwe, basi kisiwa chenye papa potwe, kasa, popo wasiopatikana bara na miamba ya matumbawe yenye aina zaidi ya 400 za samaki huhesabiwa kuwa mahali pa kupoteza nauli. Madai hayo nimeyasikia hata vinywani mwa watu wanaouza safari. Nayajibu hapa, na penye ukweli nitaukubali.

*"Mafia haina ufukwe. Ni matope na mikoko."*

Nusu ya dai hili ni kweli. Nyumba nyingi za wageni zipo Utende, kusini-mashariki mwa kisiwa, zikiitazama ghuba ya Chole. Pale si Nungwi ya Unguja. Mikoko imeota hadi majini, na maji yakipwa hubaki uwanda mpana wa mchanga wa kijivu, nyasi za baharini na vidimbwi. Aliyeahidiwa mchanga mweupe na mnazi ulioinama atahisi ameibiwa.

Tatizo ni kwamba aliyemwahidi hakumweleza mwendo wa maji. Bahari ya mwambao wetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita tatu. Na bamvua la huku lina saa zake: maji hujaa kabisa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Asubuhi ndipo yanapojaa, ingawa hayapandi sana wala hayaendi mbali. Mvuvi wa Mafia anaijua hesabu hii tangu utotoni, na kazi yake yote ameipanga juu yake. Mgeni hupanga kwa kalenda ya likizo. Akifika mwezi mpevu, akanywa chai bila haraka, akatoka saa nne kwenda kuogelea, atawakuta wanawake wakitafuta pweza mahali alipotarajia kupiga mbizi.

Tena uwanda huo anaoukimbia ni mojawapo ya vitu vizuri vya kutazama kisiwani. Tembea taratibu na mwenyeji, ukiwa na viatu vya kuzuia miiba ya urumba, utaona majongoo ya bahari, viti vya pweza vilivyofichwa kwenye mawe, kaa wa kila rangi, samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi wakingojea maji yarudi. Nyasi za baharini zilizolala pale ndizo malisho ya kasa wa kijani na ya nguva. Nguva wenyewe hutawaona, maana wamebaki wachache mno katika pwani yote ya Tanzania, lakini eneo la Mafia na delta ya Rufiji ni miongoni mwa mahali pa mwisho wanapoishi. Mikoko nayo ni mahali pa kulelea samaki. Anayetaka Mafia bila mikoko anataka bahari yenye samaki lakini isiyo na mahali pa kuwakuza.

Na anayetaka mchanga mweupe kwa vyovyote atafute mashua impeleke kwenye mafungu, kama Mange upande wa magharibi au Marimbani. Fungu hutokea maji yakipwa, likang'aa katikati ya bahari ya buluu, kisha maji yakijaa likazama lote. Hapo pia, asiyeuliza saa za maji atafika na kukuta hakuna kitu.

*"Potwe ni papa. Papa ni papa."*

Hili halihitaji maneno mengi. Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake ni viumbe wadogo wanaoelea majini. Hapa Mafia anachokifuata zaidi ni uduvi, ule ule tunaoukaanga na vitunguu. Huogelea kinywa kikiwa wazi, maji yanaingia mbele na kutokea kwenye matamvua, uduvi unabaki. Meno anayo, mengi na madogo sana, hayamsaidii kutafuna chochote. Wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambao hawajakomaa, wenye urefu wa mita sita, saba hivi. Kwa mwogeleaji hatari pekee ni mkia, ukikaa karibu nao anapogeuka.

Kwa nini wapo Mafia na si kila mahali? Tazama ramani. Mto Rufiji unamwaga maji yake mbele ya kisiwa, ukiwa umepitia msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Mlango wa bahari uliopo kati ya delta na kisiwa una kina kidogo, na maji yake yamejaa rutuba kutoka bara. Palipo na rutuba pana uduvi na dagaa, na palipo na uduvi na dagaa potwe hukusanyika, mara nyingi mbele tu ya mji wa Kilindoni, karibu kiasi kwamba unaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

*"Machi ikiisha potwe huhama wote, wanakwenda zao mbali."*

Dai hili lilikuwa na mantiki. Potwe huonekana kuanzia Oktoba hadi Machi, kisha hupotea machoni, na kwingineko duniani wanajulikana kwa safari ndefu. Wanasayansi wakaamua kuchunguza. Waliwabandika potwe vifaa vidogo vinavyotoa mlio chini ya maji, wakatega vipokezi kuzunguka eneo hilo ili kila potwe anayepita arekodiwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, nayo yalikuwa tofauti na imani ya wengi: potwe wengi walikuwepo mwaka mzima. Msimu ukipita husogea mbali kidogo na pwani na kushuka kwenye kina zaidi, ambako jicho la mtu aliye kwenye mashua haliwafikii. Uduvi ukirudi juu, nao wanarudi juu.

Maana ya jambo hili ni nzito kuliko inavyoonekana. Kama potwe wangekuwa wageni wa miezi michache, mtu angeweza kusema kwamba anayewaua yuko nchi nyingine na sisi hatuna la kufanya. Kumbe ni wakazi. Madoa ya ubavuni mwa kila mmoja hayafanani na ya mwingine, na kwa picha hizo watafiti wamewatambua wale wale wakirudi mwaka baada ya mwaka. Jeraha la panga la injini alilolipata potwe mbele ya Kilindoni amelipatia nyumbani kwake. Tangu mwaka 2016 potwe amewekwa duniani kote katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, kwa hiyo hao wetu hawana akiba mahali pengine.

Hapa ndipo nachukizwa na dai la upande wa pili, la wanaosifu kupita kiasi: kwamba ukilipa, potwe utamwona, hakika. Hakuna mwenye haki ya kuahidi hivyo. Siku nyingine bahari imechafuka, siku nyingine uduvi hauko juu. Ahadi hiyo ndiyo inayoleta mashua nyingi juu ya mnyama mmoja, kila nahodha akitaka wateja wake wapate picha, injini zikinguruma, watu wakirukia mbele ya kinywa chake. Potwe akisumbuliwa hivyo huzama, na wote wanakosa. Utaratibu unajulikana: injini izimwe mapema, watu waingie majini polepole, wakae mita tatu au nne kutoka kwake, wasimguse, wasitumie taa ya kamera. Anayeuvunja anawaibia wanaokuja kesho.

*"Hifadhi iliwanyang'anya wavuvi bahari yao ili wazungu wapige mbizi."*

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na wanaolitoa si wajinga. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, baada ya sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu ya mwaka 1994. Ina kilometa za mraba 822, na ndani yake vipo vijiji, kwa hiyo haifanani na mbuga ambako watu hawaruhusiwi kuishi. Eneo limegawanywa: sehemu chache haziguswi kabisa, nyingine huvuliwa kwa zana fulani tu na wakazi, nyingine zina masharti mepesi zaidi.

Anayesema bahari ilinyang'anywa amesahau ilikuwaje kabla. Miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini baruti zililipuliwa kwenye miamba ya Mafia, na waliozilipua wengi walitoka nje ya kisiwa. Baruti moja huua samaki wakubwa na wadogo bila kuchagua, na wengi huzama bila kuokotwa. Mbaya zaidi huvunja matumbawe, na tumbawe lililovunjika vipande haliponi kwa msimu mmoja. Wenyeji wa kisiwa cha Chole na vijiji vya jirani, ambao hawakuwa na boti za kuwafukuza wavamizi, walikuwa miongoni mwa waliotaka bahari ilindwe. Kuwaeleza kana kwamba hifadhi iliwashukia kutoka mbinguni ni kuwanyima sifa yao.

Lakini wenyeji waliitaka hifadhi ya kuzuia baruti, wakapata hifadhi iliyozuia pia juya na nyavu ambazo baadhi yao walizitegemea kula. Jibondo waliumia hasa. Hicho ni kisiwa kikavu, hakina maji baridi ya kutosha, kwa miaka mingi maji ya kunywa yalivushwa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa, na mashamba hayawezi kuwalisha. Watu wake ni wavuvi na mafundi wa vyombo, na mtu wa Jibondo akiambiwa asivue kwa zana aliyonayo hana jembe la kukimbilia. Ugomvi uliotokea kati yao na hifadhi ulikuwa wa kweli, na malalamiko kwamba ada za watalii haziwafikii ipasavyo hayajakwisha. Hukumu yangu ni kwamba hifadhi ilikuwa lazima, na kwamba deni lake kwa Jibondo bado halijalipwa.

Kuna jambo lingine ambalo wabishani wa pande zote hulisahau. Potwe, anayevuta wageni wengi kuliko kiumbe kingine chochote kisiwani, hukusanyika upande wa magharibi, nje ya mipaka ya hifadhi. Pale wavuvi wa dagaa na potwe hufuata kitu kimoja, na mara nyingine potwe hujikuta ndani ya wavu na wavuvi humfungulia njia atoke. Manahodha wa watalii huwauliza wavuvi hao hao asubuhi: leo wako wapi? Bila mvuvi hakuna utalii wa potwe Mafia. Anayewaweka mvuvi na mhifadhi kama maadui wa asili hajasimama ufukweni Kilindoni hata asubuhi moja.

*"Matumbawe yalikufa yote mwaka 1998."*

Yalikufa mengi. Mwaka ule maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na tumbawe ni mnyama anayeishi kwa msaada wa mimea midogo sana iliyomo mwilini mwake, inayompa chakula na rangi. Joto likizidi, tumbawe huifukuza mimea hiyo, hubaki jeupe kama chokaa, na joto lisipopungua mapema hufa kwa njaa. Mwamba wa Tutia, kusini, uliokuwa umejaa matumbawe ya matawi, ulipata pigo kubwa. Joto limerudi tena miaka ya baadaye, na litaendelea kurudi.

Hata hivyo "yote" ni uongo. Matumbawe manene yenye umbo la mviringo huvumilia kuliko yale ya matawi, na mengi ya hayo bado yapo, baadhi makubwa kuliko gari. Ghuba ya Chole huoshwa kila siku na maji ya bahari kuu yanayoingia na kutoka kwa nguvu kupitia mlango wa Kinasi, na juu ya miamba iliyokufa matumbawe mapya yameota. Kinasi penyewe ni mahali pa wazoefu, maana mkondo wake hauna mchezo na wapiga mbizi hungojea maji yatulie kati ya kujaa na kupwa. Asiye na uzoefu ana sehemu nyingi za kina kifupi ndani ya ghuba. Huhitaji mtungi wa hewa. Miwani ya majini na mpira wa kuvutia hewa vinatosha.

*"Ukishamwona potwe, umemaliza. Kingine ni magofu na popo."*

Magofu na popo! Popo wa Chole hulala mchana wakining'inia juu ya miembe na miti mingine mikubwa, wakubwa, wenye sura kama ya mbweha, mabawa yao yakitandazwa hupita mita moja. Jamii yao imeenea Asia, Australia, visiwa vya Pasifiki, Madagaska, Komoro na Shelisheli, ikafika Mafia na Pemba, na hapo ikakoma. Bara la Afrika, lililo umbali wa safari ya saa chache kwa mashua, halina hata mmoja. Hula matunda na maua, hawanyonyi damu ya mtu, na mbegu wanazoziangusha na chavua wanayoibeba ndivyo vinavyootesha sehemu ya msitu wa visiwa hivi. Anayewaita ndege wa wachawi na kuwapiga mawe anamdhuru mpandaji wa msitu huo. Nenda Chole jioni, jua linapotua, wanapoondoka kwenda kula.

Kua, kwenye kisiwa cha Juani, ni mji uliokufa mwanzoni mwa karne ya 19, uliposhambuliwa na Wasakalava waliovuka kutoka Madagaska. Watu wengi walichukuliwa mateka, na kitovu cha Mafia kikahamia Chole. Kuta za jumba na misikiti bado zimesimama, mizizi ya miti ikiwa imezikumbatia na wakati huo huo ikizipasua. Unafika kwa mashua maji yakiwa yamejaa, kupitia katikati ya mikoko. Upande wa pili, Ras Kisimani kwenye kisiwa kikubwa, bahari imekwisha kula sehemu kubwa ya mji wa kale zaidi. Hao wanaosema "magofu tu" wafanye haraka, kwa kuwa hata hayo hayatadumu.

Juani hiyo hiyo, upande wa bahari kuu, kasa wa kijani hupanda kutaga. Mayai hukaa mchangani kama siku hamsini hadi sitini, na vifaranga wengi hutoka kati ya Juni na Septemba. Shirika la Sea Sense limefanya kazi na wanavijiji kwa miaka mingi kulinda viota, na mgeni anayekwenda kuona vifaranga wakitoka huchangia fedha ambazo sehemu yake huingia kijijini. Agosti hadi Oktoba nyangumi hupita. Na kuna msitu wa Mlola upande wa mashariki, ambao wageni wengi hawajui hata jina lake.

Dai moja la sifa nalo lifutwe: Mafia haina viboko wa aina ya kibete. Viboko wachache waliopo kwenye mabwawa ya kisiwa ni wa kawaida, na inaaminika walichukuliwa na mafuriko ya Rufiji. Kiboko kibete ni mnyama wa misitu ya Afrika Magharibi.

*"Ni ghali, ni mbali, ni ya wazungu."*

Ni ghali ukitaka kulala kwenye hoteli za Utende. Kilindoni zipo nyumba za wageni za kawaida, chakula cha mamantilie, na bodaboda za kukupeleka Utende. Mtanzania hulipa ada ya hifadhi kwa shilingi, ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni wa nje. Ndege kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa. Asiyetaka gharama hiyo aende kwa basi hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, apande kivuko au boti. Safari ya majini ni ya saa kadhaa, na wakati wa kusi kali mawimbi hayana huruma. Aprili na Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, usiende kama huna sababu nyingine. Gharama ya mashua hupungua mkichanga watu sita au wanane, jambo ambalo familia na marafiki wa kwetu hulifanya kwa harusi na misiba, na hapa pia linawezekana.

Kabla ya kulipa mashua ya potwe, mwulize nahodha kama atazima injini na kuwashusha watu kwa zamu. Akisita, tafuta mwingine. Kilindoni manahodha wapo wengi.